Siku Niliyojibu "Right"

Wanangu mnaovaa sare za unesi, na ninyi mnaokaribia kuzivaa, mwezi uliopita nilimwaibisha mdogo wangu hospitalini mbele ya watu kwa sababu ya neno moja la Kiingereza.

Nilikuwa nimemsindikiza mdogo wangu Upendo, anayeishi Njiro, kwenda kutazamwa goti. Tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari, mlango ukiwa wazi nusu. Daktari akauliza kitu kuhusu mguu wa mgonjwa aliyekuwa ndani, na nesi mmoja kijana, aliyesimama mlangoni na faili, akamjibu kwa sauti nzuri kabisa, "Right, doctor."

Nikasimama. Sijui nilisimamaje, maana magoti yangu ni mabovu kuliko ya Upendo. Mkoba ulianguka, na chupa ya maji ikabingirika hadi miguuni pa watu.

"Umemjibu nini?" nikamwuliza yule binti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umemjibu daktari nini?"

"Nimemwambia ndiyo, yuko sahihi."

"Ndiyo, au kulia?"

Akanitazama, kisha akaangalia huku na huku kama anayetafuta ndugu zangu waje kunichukua. Upendo alinivuta gauni nikakaa. Imepita miaka zaidi ya ishirini, na bado neno hilo likitajwa karibu na mgonjwa mimi mwili hunisisimka.

Yule binti, anaitwa Neema, hakukasirika. Jumamosi yake alikuja kwangu Sokon I na wenzake wawili, nikawapikia chai na kuwasimulia. Nilipomaliza Neema akasema, "Bibi, hii uiandike." Basi naandika.

Mimi nilifanya kazi thieta, chumba cha upasuaji, karibu maisha yangu yote ya kazi. Hospitali yenyewe ilikuwa huku mlimani. Jina lake naliacha, kwa sababu watu wake walikuwa wema, na kosa nitakalolisimulia lilikuwa langu.

Kiingereza nilifundishwa na mwalimu aliyekuwa na kamusi moja isiyo na jalada. Alitupanga mstari uwanjani, akasema "right" tugeuke kulia, akasema "left" tugeuke kushoto. Aliyekosea alirudia peke yake wenzake wakimtazama. Kwa hiyo "right" nililijua kwa mwili kabla ya kulijua kwa akili. Lilikuwa na maana moja tu, mkono ule tunaolia ugali.

Kisha akaja Daktari Alan. Alikuwa mgeni kutoka ng'ambo, mrefu kiasi kwamba meza ya upasuaji tuliiinua hadi mwisho na bado aliinama. Alikuwa na mazoea ya kusema "Right" kila anapotaka kuanza jambo. Siku ya kwanza kumhudumia nilishika sinia la vifaa, yeye akavaa glavu na kusema, "Right." Nikasogea kulia kwake. Akakata, akafunga mshipa, akasema, "Right." Nikasogea tena kulia. Ilipofika wakati wa kushona nilikuwa nimeizunguka meza na kutokea upande wa pili, ananitafuta haoni nilipo.

Sista Ruth, aliyekuwa mkuu wa thieta yetu, alicheka mpaka barakoa ikamlegea. Alikuwa mama wa Kichaga, mfupi, mkali, na kila ninachokijua kuhusu kazi hii nilikiokota kwake.

"Huyu akisema hivyo anamaanisha haya twende," akaniambia. "Usimfuate kama ng'ombe wa plau."

Tangu siku hiyo nikaanza kulichunguza neno lile. Nilikuwa na daftari dogo mfukoni. Nikaandika kwamba "right" ni kulia, ni sahihi pia, na mtu akidai chake anasema ni "right" yake, haki yake. "Right here" ni hapa hapa, na "right away" ni sasa hivi. "All right" ni sawa, au nimepona, au basi yaishe, inategemea sura ya msemaji. Mtu ambaye hayuko sawa kichwani naye wanasema hayuko "right". Na ukimwambia jambo Mwingereza, akisema "right" kwa kuvuta, maana yake hajakuamini. Nilishangaa neno moja fupi kubebeshwa mzigo wote huo.

Halafu, wanangu, nikaanza kujidai nalo. Daktari akiniuliza jambo sikujibu tena "yes". Hiyo "yes" niliiona ya kishamba, ya watu wasiokaa na wataalamu. Nilijibu "Right, doctor," nikikunja ulimi kama yeye. Wenzangu wa wodini walinisikia, na mimi nilitaka wanisikie.

Mzee Anaeli alikuwa mkulima wa kahawa na migomba, shamba lake likiwa juu ya kijiji cha Poli. Alikuwa na ngiri kwa miaka mitatu. Aliibana kwa kitambaa alichojifunga kiunoni, akiinua mzigo inatoka, akilala inarudi ndani. Alichagua mwenyewe wakati wa kuja. Palizi ilikuwa imekwisha na kahawa ilikuwa bado mbichi, akapiga hesabu kwamba ikianza kuiva atakuwa amepona, achume. Jioni kabla ya upasuaji nilipita wodini kumwandaa. Tuliongea Kimeru, akanionyesha ngiri yenyewe, nikaandika kwenye faili kwa mkono wangu: kushoto.

Nataka mlielewe hilo. Nilijua ni kushoto. Sikuwa nimesahau wala kuchanganya mafaili.

Asubuhi alichomwa sindano ya ganzi ya mgongoni. Ganzi hiyo, kwa wasioijua, inazima mwili kuanzia kiunoni kushuka chini, lakini mtu yuko macho na anaongea. Tukamlaza chali na kuweka shuka la kijani mbele ya kifua asione tunachofanya. Siku hizo tulikuwa tunanyoa kinena chote, pande zote mbili, kwa hiyo unyoaji haukumwambia mtu lolote. Na ngiri ilikuwa imerudi ndani kama kawaida yake akilala. Ukimtazama, kulia na kushoto vilifanana kabisa.

Daktari Alan aliingia mikono imeshaoshwa, ameiinua mbele yake maji yakichuruzika. Mtu akishanawa hagusi faili. Ndiyo maana kuna nesi asiyevaa glavu, anayezunguka kuleta vitu na kusoma kilichoandikwa. Siku hiyo nilikuwa mimi.

"Left side, yes?" akaniuliza. Ni kushoto, sivyo?

Nikamjibu, "Right."

Nilimaanisha yuko sahihi. Yeye alisikia nimemsahihisha. Akainua nyusi.

"Right?"

"Right, doctor."

Aliuliza mara mbili. Mwenzenu nikaona tunaelewana vizuri, tunaongea kama watu wa nchi moja. Akazunguka meza akasimama upande wa kulia wa Mzee Anaeli. Nilimwona anazunguka. Nikadhani anafuata mwanga. Sista Ruth, aliyekuwa ametupa mgongo akipanga vifaa, naye alisikia "right" ikitajwa mara tatu, akasukuma toroli lake upande ule ule.

Daktari akakata.

Kazi iliendelea kimya kwa dakika kama kumi na tano. Nilikuwa nafungua pakiti ya nyuzi niliposikia mkono wake umesimama. Ukikaa sana thieta unasikia mkono ukisimama. Vyuma havigongani tena, na hata mtaalamu wa ganzi anainua kichwa.

"There's nothing here," akasema taratibu. Hakuna kitu hapa.

Akaomba faili. Nikalifungua na kulishika mbele ya macho yake. Akasoma maandishi yangu, akatazama alipokata, akasoma tena, kisha akaniangalia. Macho tu ndiyo yanayoonekana juu ya barakoa, na macho yake yalikuwa yamepauka. Hapo ndipo nilipofahamu.

Sikujua la kufanya, nikaenda kichwani kwa mgonjwa, nyuma ya lile shuka, nikainama.

"Baba," nikasema, "ngiri yako iko upande gani?"

"Kushoto, mwanangu," akanijibu kwa upole. "Mmeiona?"

Mpaka leo hilo "mmeiona" nalisikia. Alikuwa macho muda wote, ametulia, akiamini watu wasomi wako kazini. Sista Ruth ndiye aliyejibu kutoka upande wa pili wa shuka, sauti yake haikutikisika.

"Tunaifuata, baba. Tulia."

Wakashona kulia, wakahamia kushoto. Ganzi ilitosha, ashukuriwe Mungu. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kuhesabu gozi zilizotumika kufyonza damu. Nilihesabu mara tatu nikapata idadi tatu tofauti, Sista Ruth akaninyang'anya akahesabu yeye.

Baadaye tulikaa watatu kwenye kichumba cha kubadilishia nguo. Daktari Alan alikuwa amekaa sakafuni, miguu yake mirefu imejaa chumba kizima.

"Ulimaanisha nini?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Nilimaanisha ndiyo."

Akafumba macho. "Nilikuuliza mara mbili."

"Nami nilikujibu ndiyo mara mbili."

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Sista Ruth alikuwa amesimama mlangoni.

"Ganzi itaisha saa nane," akasema. "Yule mzee atakuwa na maumivu mawili alipotegemea moja. Asiyajue kwa kuyahisi. Mwende sasa hivi mkamwambie, na mkewe yuko pale."

Mkewe aliitwa Mama Eliya. Tulimkuta kando ya kitanda na chupa ya mtori wa ndizi magotini, akisubiri mumewe aruhusiwe kula. Daktari Alan alivuta kiti akakaa, asiwasemeshe akiwa juu yao kama mnara. Alisema kwa Kiingereza polepole, nami nikatafsiri. Alisema alipasua upande usiokuwa na ugonjwa. Alisema akagundua, akaufunga, akapasua upande wenyewe. Kisha akasema, "Tell them it was my mistake." Waambie kosa lilikuwa langu.

Fikirini nilipokuwa. Katika watu wanne pale, Kiingereza na Kiswahili vyote viwili nilivijua mimi tu. Ningetafsiri alichosema neno kwa neno, nisingekuwa nimedanganya, na mimi ningetoka. Na kuna sauti ilikuwa inaniambia nifanye hivyo, sauti yenye akili nyingi tu, inayosema yeye ni daktari, yeye ndiye mwenye kisu, mwakani atarudi kwao.

"Daktari anasema kosa ni lake," nikawaambia. "Lakini si lake peke yake. Aliniuliza mimi, nami nikamjibu neno lenye maana mbili. Alilishika kwa maana nyingine. Kosa ni langu, baba. Nisameheni, mama."

Mzee Anaeli aliangalia dari. Aliuliza jambo moja tu, kama kahawa ikiiva ataweza kuchuma. Nikamwuliza daktari, daktari akatikisa kichwa. Kwa vidonda viwili, si msimu huu.

Mama Eliya hakulia wala hakufoka. Aliifunga chupa ya mtori vizuri.

"Wakati mnaulizana na daktari," akasema, "mume wangu alikuwa amelala?"

"Hapana, mama. Alikuwa macho."

"Alikuwa anaweza kuongea?"

"Ndiyo, mama."

"Na hakuna aliyemwuliza yeye."

"Hakuna, mama."

Akageuza kiti chake akanipa mgongo.

Niliondolewa thieta, nikapelekwa wodi ya wazazi kwa muda. Usiku usingizi haukuja. Mchana mtu akiniita kwa ghafla nilishtuka na kuangusha vitu. Daktari Alan aliandika taarifa ndefu, na humo alijilaumu kuliko alivyonilaumu mimi. Nilipoisoma ndipo nililia.

Msimu wa kuchuma ulipofika nilipanda mlima siku yangu ya mapumziko. Mama Eliya alinikuta kwenye uzio wa shamba.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kuchuma."

"Unajua kuchuma?"

"Nimezaliwa kwenye kahawa, mama."

"Na unesi nao ulisomea," akasema. Kisha akanipa kikapu.

Nilichuma hadi mchana bila kuongeleshwa. Mzee Anaeli alikuwa amewekwa kwenye kigoda karibu na mashine ya kumenyea kahawa, mikono mapajani. Yeye ndiye aliyekuwa na maneno. Aliwaambia majirani kwamba madaktari wa kizungu ni wakarimu, ukienda na ngiri moja wanakutengenezea mbili. Majirani walicheka. Mimi nilitazama kahawa, mkewe akatazama kahawa. Mchana Mama Eliya aliniletea loshoro kwenye bakuli, ule uji mzito wa mahindi na maziwa ya mgando, akaliweka chini na kuondoka. Nikarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata, hadi miti ikabaki majani.

Sista Ruth ndiye aliyenirudisha thieta. Sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba neno "right" halitatumika tena mle ndani kumaanisha ndiyo. "Neno lenye kazi nyingi hivyo," alisema, "usiliongezee kazi ya kukata mtu." Anayekubali aseme "yes", hata kama ni ya kishamba. Mimi nikawa wa kwanza kuirudia "yes" yangu, na sikuiacha hadi nastaafu.

Daktari Alan naye akasema atajifunza Kiswahili, aulize wagonjwa mwenyewe. Mgonjwa wa kwanza alikuwa kijana kutoka huku Kwa Mrombo mwenye uvimbe begani. Daktari akamwinamia, uso wenye huruma, akasema, "Kulia?"

Kijana akafikiri. "Hapana, daktari," akajibu. "Nitajikaza."

Tukagundua kwamba hata lugha yetu imetutega. Kwetu neno la upande na neno la machozi ni lile lile, na sisi hatujawahi kuona tatizo kwa kuwa hatujawahi kupasuliwa kwalo. Ndipo Sista Ruth akafuta maneno yote. Mgonjwa aweke mkono wake mwenyewe mahali panapouma, basi.

Na hivi ndivyo tulivyofanya tangu hapo. Kabla ya sindano yoyote, mgonjwa akiwa na akili zake, unamwuliza swali lisilo na jibu ndani yake. Usimwambie, "Ni kushoto, eh?" Wazee wetu wana adabu, watamjibu daktari ndiyo kwa kila kitu, hata akisema wamekuja kung'olewa pua. Sema, "Nionyeshe." Atakapoweka mkono, hapo hapo chora kwa kalamu ya wino usiofutika kwa maji. Chora mshale. Usichore msalaba, kwa sababu kuna atakayeuona msalaba akaelewa kata hapa, na mwingine akaelewa hapa usiguse. Kumbuka pia kwamba mkisimama mkitazamana, kulia kwake kuko mkabala na kushoto kwako. Picha ya eksirei nayo inaweza kutundikwa kinyume, nimeiona kwa macho yangu. Kisha kabla ya kisu kila mtu anasimama, anayesoma faili anasoma kwa sauti, na mwenye kisu anautafuta mshale. Asipouona hakati, hata mgonjwa awe mkwe wake.

Siku hizi mna fomu ya haya yote. Nimeiona, ni nzuri. Neema aliniambia wengine huijaza upasuaji ukishamalizika, ili faili lipendeze. Nilipolisikia hilo chai ilinipalia.

Nimalize na Mama Eliya. Mzee Anaeli alichuma kahawa misimu mingi baada ya ule, akafariki kwa uzee. Mimi nilikuwa nakaribia kustaafu, Sista Ruth ameshaondoka, nimekaa kwenye kiti chake. Asubuhi moja naangalia orodha ya wagonjwa wa siku naona jina la Mama Eliya. Alikuwa na uvimbe kwenye titi, unatakiwa utolewe upimwe. Karani wa mapokezi aliniambia kwamba alipoulizwa kama ana lolote la kusema, aliuliza kama yule sista wa Kimeru bado yupo.

Nilimkuta kitandani amejifunika hadi kidevuni. Amekonda. Nikamwamkia, akaitika.

"Mama, nionyeshe," nikamwambia.

Akatoa mkono chini ya shuka akauweka kwenye titi lake la kushoto. Nikachora mshale. Nikaenda kunawa mikono, nikarudi kabla hajapelekwa thieta.

"Mama, nionyeshe tena."

Akanionyesha.

Tulipomfikisha mezani, taa zikiwa zimeshawaka na daktari amesimama tayari, niliinama nikamwuliza mara ya tatu, kabla hajachomwa sindano ya usingizi. Mama Eliya alinitazama.

"Sista," akasema, "umezeeka umeanza kusahau?"

"Sijasahau, mama," nikamjibu. "Ndiyo maana nauliza."

Akaweka mkono.